Mkia wa Picha Nilioukata

Asubuhi niliyoanza kazi sikuwa nikitafuta kazi. Mvua ilikuwa imenyesha Kashojwa, nikatoka nyumbani kwa dada yangu na ndala miguuni kwenda kuona barabara imeharibika kiasi gani, kwa sababu kuangalia vitu vilivyoharibika ndiyo ilikuwa starehe yangu. Kufikia siku hiyo nilikuwa nimeshafanya kazi nane au tisa pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale: kutengeneza redio, kunyoa, kuchaji simu, kuchimba vyoo, kuuza samaki wa ziwani. Kila moja niliiacha nilipoielewa. Dada yangu aliwaambia majirani kwamba mimi si mvivu, ila ni mgeni wa kila kazi.

Mbele kidogo ya Base Camp nilikuta pikapu imezama kwenye matope. Kando yake alisimama mwanamke mwenye gambuti, amekumbatia sanduku jeusi kifuani kama mtoto mchanga, akikataa kuliweka chini.

"Wewe! Kuja hapa," aliniambia. "Sukuma."

Nilisukuma. Gari lilipotoka nilikuwa na matope hadi masikioni, nikauliza ndani ya sanduku kuna nini.

"Hiyo kitu hapana guza."

"Sijagusa, Madamu. Nimeuliza."

"Hii inapiga udongo," alisema, "halafu udongo inasema ndani yake iko nini."

Sasa mtu akikuambia udongo unasema, unarudije nyumbani kunywa chai? Nilipanda nyuma juu ya magunia, nikaingiza kichwa kwenye kidirisha cha nyuma ya dereva na kuuliza maswali hadi Isingiro. Pale dereva aliniuliza nashuka wapi. Nikamjibu, "Mnakoenda ninyi." Ndivyo nilivyofika Kamukuzi, Mbarara, bila nguo ya kubadilisha, kwenye nyumba ya vyumba viwili mlimani ambayo ninyi vijana mlioirithi mnaiita maabara. Dada yangu alinisubiri na chai kwa siku mbili.

Mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Nilikataa mwanzoni, maana shule niliiacha darasa la tano kule Burundi na koma zangu hukaa zinapotaka. Lakini ninyi wenyewe mmeona msimbo wangu wa kompyuta ukifanya kazi bila koma hata moja mahali pake, kwa hiyo mtavumilia.

Mwanamke wa gambuti ndiye Daktari Kyomugisha, ambaye ninyi mlimkuta tayari ana mvi. Baba yake alikuwa mwanajeshi na yeye alikulia kwenye kambi ya jeshi, kwa hiyo Kiswahili chake chote ni amri. Hata salamu zake ni amri. Alinipa kinu cha chuma na mchi, akanionyesha safu ya mifuko ya udongo. "Twanga. Chekecha. Jaza kikombe." Kikombe chenyewe ni kidogo kama kifuniko cha chupa, chini kimefungwa kwa karatasi nyembamba ya nailoni ambayo ukiipumulia vibaya inapasuka. Nilipasua kumi na moja siku ya kwanza. Siku ya pili nilitangaza kwa sauti kwamba udongo wote wa wilaya umejaa chuma na shaba, tena unafanana ajabu, na kwamba tunapaswa kuwaarifu wakubwa. Kumbe sikuwa nasafisha kinu. Nilikuwa nimegundua kinu, na mabaki ya sampuli ya kwanza.

"Hongera," Daktari alisema. "Sasa osha mgodi wako."

Kwa wale watakaosoma hiki bila kuijua mashine: ni eksirei, lakini si ile ya mifupa. Inapiga mwale kwenye udongo, na kila elementi iliyomo inarudisha mwale wake yenyewe, wenye nishati yake isiyobadilika. Chuma hujibu kwenye sita nukta nne. Kalsiamu ni tatu nukta saba. Mashine inahesabu majibu, ukiyachora unapata mstari wenye vilele, na juu ya kila kilele unaandika jina la aliyejibu. Kazi yangu ya miaka yote hiyo, ukiondoa maneno makubwa, ilikuwa kuandika majina juu ya vilima.

Mwanzoni programu iliyokuja na mashine ndiyo iliyochora. Siku moja muda wake ukaisha, ikagoma, tukabaki na safu mbili za namba: nishati upande wa kushoto, idadi ya majibu upande wa kulia. Daktari alinitupia kompyuta mpakato ya zamani. "Hii namba, fanya picha." Hakusema namna gani. Nadhani na yeye hakujua.

Nikajifunza msimbo, yaani yale maagizo yanayoandikwa mstari kwa mstari ili kompyuta iyafuate. Makosa yangu yalirudi kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha kununua ndizi sokoni. Kosa la kwanza lilinila siku mbili. Lilikuwa nafasi moja tupu iliyokosekana mwanzoni mwa mstari. Siku mbili nzima nilitafuta kitu ambacho kosa lake lilikuwa kutokuwepo. Ningekuwa na akili ningelikumbuka somo hilo baadaye.

Picha yangu ya kwanza ilikuwa na rangi saba. Kila elementi niliipa yake, na mandhari nikaweka njano. Daktari aliishika kwa mbali. "Hii ni sayansi ama ni kitenge?" Nikapunguza rangi zikabaki nne.

Tatizo lililonishinda kwa muda mrefu lilikuwa majina. Vilele vikikaribiana, majina yanapandana kama mbuzi mlangoni pa zizi, na hakuna linalosomeka. Wageni walicheka. Nami, mtu wa darasa la tano, sikupenda kuchekwa na watu wa digrii. Nikaandika mistari sita ambayo niliiona ni kilele cha maisha yangu: majina mawili yakigusana, bakiza la kushoto, tupa la kulia. Picha zikawa safi kama ukuta uliopakwa chokaa. Halafu nikaona kwamba kuanzia kumi na mbili kwenda mbele mstari karibu kila mara umelala tu, hauna la kusema, nao unaniharibia upana wa karatasi. Nikaukata. Mkia wa picha ukaenda, vilele vilivyobaki vikanenepa, karatasi ikajaa. Nilijipongeza kwa sauti, peke yangu, kwa Kirundi.

Mwaka huo Daktari alikwenda kijijini kwao kuzika shangazi. Kesho yake akaja mkunga mmoja, mke wa mwanajeshi, aliyefanya kazi ng'ambo ya pili ya ziwa Nakivale. Alibeba kidonge cha udongo mwembamba kama kidole, wa kijivu, mkavu kiasi kwamba ukiuvunja unalia.

"Muzee, bamama bote banakula hii," alisema. "Banauza mpaka huku Mbarara. Mimi nataka kujua kama iko salama."

Naujua udongo huo. Dada yangu aliula mimba zake zote nne. Unanukia kama mvua inapoanza, na wajawazito wa Nakivale, Warundi kwa Wakongomani, hata wenyeji wa Isingiro, hawaulizani kwa nini wanaula, wanaulizana wa nani ni mzuri zaidi. Nikautwanga kwenye kinu safi, nikajaza kikombe bila kupasua nailoni, nikapima, nikachora. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora. Kwenye kumi nukta tano kilisimama kilele chembamba, na juu yake jina moja tu, limekaa wima: As. Aseniki. Nilijua aseniki ni sumu, na hapo elimu yangu ilifika mwisho wa barabara.

Mtu mwenye adabu angemsubiri Daktari. Mimi nilichapa picha kwa rangi, nikaitia kwenye plastiki, nikaweka sahihi. Sahihi! Hadi siku hiyo sahihi yangu ilikuwa imetumika kwenye kadi ya chakula tu. Mkunga akaondoka nayo akiwa na hofu, nami nikabaki nikijiona daktari wa pili.

Daktari alirudi baada ya wiki, na mimi, kwa sababu ambazo zilionekana nzuri wakati ule, sikumtajia jambo hilo. Wiki mbili baadaye mkunga alimpigia simu kumshukuru.

"Picha gani?" nilimsikia Daktari akiuliza. Alipokata simu aliniambia kwa sauti ya chini, jambo ambalo lilinitisha kuliko amri zake: "Deo. Onyesha hiyo kitu."

Nikamfungulia. Aliweka kidole mwisho wa kulia wa skrini.

"Mkia iko wapi?"

"Niliukata, Daktari."

"Kwa nini?"

"Haukuwa na kitu."

"Nani alisema haina kitu? Wewe uliangalia?"

Sikuwa nimeangalia. Msimbo wangu ulikata kabla sijaangalia, ndiyo ilikuwa raha yake.

"Chora yote. Mpaka kumi na tano."

Nikachora. Mstari ulipita kumi na moja nukta saba bila hata kutikisika. Ulipofika kumi na mbili nukta sita ukasimama, kilele kizuri, kipana, kikinitazama usoni. Daktari hakuhitaji kunieleza, maana ni yeye aliyenifundisha mwaka wa kwanza: elementi haiji na kilele kimoja. Aseniki ana ndugu yake kwenye kumi na moja nukta saba, na ndugu huyo hakuwepo. Risasi, metali ile nzito na si ya bunduki, ana ndugu yake kwenye kumi na mbili nukta sita, naye alikuwepo muda wote, nje ya karatasi yangu. Kule kwenye kumi nukta tano aseniki na risasi hujibu karibu mahali pamoja, aseniki kushoto kwa unywele mmoja. Majina yao yaligusana. Mistari yangu sita ilibakiza la kushoto ikatupa la kulia. Kisha mimi nikamkata shahidi kwa sababu aliharibu upana wa karatasi.

"Risasi na yenyewe ni sumu," nilisema, nikitafuta mahali pa kushika.

"Ndiyo. Lakini haitoki mahali moja na aseniki. Huko wamefanya nini na picha yako?"

Tulimpigia mkunga: walikuwa wamefunga shimo ulikochimbwa udongo ule. Mwenyekiti wa kijiji, Mkongomani anayeitwa Papa Bahati, alikuwa amelijaza miiba na kuwatangazia watu kanisani. Mchimbaji alikuwa mjane wa Kirundi, Mama Goreti, aliyelichimba shimo lile miaka kumi na zaidi na kulelea watoto kwa mapato yake. Sasa watu walimwita muuza sumu, na wajawazito wakahamia kwa wauzaji wengine.

"Na hao wengine," Daktari aliuliza, "nani amepima yao?"

Hakuna. Risasi humpitia mama ikamfikia mtoto. Kama ilitoka mahali pengine na si shimoni, wanawake wale walikuwa bado wanaila wakidhani wamepona, na waliyemfungia alikuwa hana kosa.

"Utaenda kusema," Daktari alisema. "Si mimi. Mimi sikuweka sahihi."

Nilifika kijijini Jumapili watu wakitoka misa. Papa Bahati aliniketisha kwenye baraza la kanisa, mbele ya wanawake wasiopungua arobaini, wengine na matumbo yao mbele.

"Muzee, weye ndiyo ulituma ile picha?"

"Ni mimi."

"Na leo umeleta ingine?"

"Nimeleta nyingine. Ile ya kwanza nilikosea. Si aseniki, ni risasi."

"Kumbe sumu ilibadilisha jina mu njia!" alisema, na baraza zima likacheka. Alipowasha kicheko hakukizima. "Na kesho itaitwa nani? Itaitwa Bahati?"

Nikaeleza habari ya ndugu wawili, na ya mkia, na ya mkasi. Nilieleza vibaya. Kutoka nyuma akasimama mwanamke mfupi, kucha zake zina udongo wa kijivu usiotoka hata kwa sabuni ya Jumapili. Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

"Wewe umenifunga na picha," Mama Goreti alisema.

"Nimekosa, mama."

"Kukosa umekosa, ile tumesikia. Sasa nijibu. Hiyo risasi inatoka kwenye shimo, ao inatoka pale tunaanikaga?"

Nilikuwa nimekuja na picha mpya, tena yenye mkia, lakini mahali pa kuanikia hapakuwa pamenipitia kichwani.

"Sijui," nilisema. Lilikuwa neno la kwanza la maana nililowahi kutamka katika shauri lile.

"Ulipima ule mukavu, si ndiyo? Alors basi, pima ule haujaona jua."

Akachukua jembe. Tulimfuata wote, baraza zima, hadi shimoni, naye akaanza kuondoa miiba.

"Mama, ile shimo imefungwa!" Papa Bahati alimwita.

"Na wewe funga macho, Papa."

Akachimba donge bichi, akalifunga kwenye jani la mgomba. Kisha akanipeleka kwenye sakafu ya saruji iliyobaki ya duka lililobomoka, tambarare, ngumu, inayoshika joto. Wauzaji wote walianika pale. Nikamuuliza duka lilikuwa la nini.

"La fundi wa betri za gari. Alikuwa anazipasua hapo, anatoa vitu vya ndani. Alihama zamani."

Ndani ya betri hizo mna risasi. Nilimtazama. Naye alinitazama, na nadhani tulifika pamoja, ila yeye alitembea na mimi nilikuwa nimebebwa. Tulikwangua vumbi la sakafu, tukalifunga kwenye jani la pili. Moja alilifunga fundo moja, la pili mafundo mawili, kwa sababu hakuniamini na kalamu.

Mbarara, Daktari alikaa nyuma ya kiti changu muda wote. Vumbi la sakafu lilisimamisha vilele vyote viwili vya risasi. Udongo wa shimo ulipita kumi nukta tano kimya, ukapita kumi na mbili nukta sita kimya. Sijawahi kuipenda nafasi tupu namna ile. Niliichapa jinsi ilivyo, hadi kumi na tano, nyembamba na mbaya, nusu ya karatasi haina kitu. Daktari aliweka sahihi yake kwanza, akanipa kalamu niweke yangu chini, ndogo.

Shimo lilifunguliwa. Sakafu ilizungushiwa miiba ileile. Papa Bahati, nimtendee haki, alipita nyumba kwa nyumba kwa wauzaji wengine hadi wakahamishia udongo wao kwenye mikeka mlimani, na mkunga alituletea sampuli zao kila mwezi hadi zote zikanyamaza. Hatukuweza kuwapima wanawake waliokula kabla. Hilo nalibeba, na sina mzaha nalo.

Mistari sita niliifuta. Ile mliyoikuta mahali pake inasema: majina yakigusana, yaandike yote mawili, moja juu ya jingine, hata yakionekana mabaya, na picha ifike mwisho wa namba. Nawajua ninyi, mnapenda urembo. Mmoja wenu ameshaniuliza kama hayo majina mawili yanaweza kufichwa hadi mtu ayagonge. Usiyafiche, mwanangu. Na ndiyo, najua umeshaandika.

Miaka mingine ilifuata, na makosa mengine, lakini hayo hayakumfunga mtu. Macho yangu yalipoanza kuona vilele viwili mahali penye kimoja, niliamua imetosha. Mlinifanyia sherehe, mkanizawadia mkoba, na asubuhi iliyofuata nikautia mashati mawili nikatoka Kamukuzi bila kujua naenda wapi. Kwa dada yangu nisingeweza kwenda. Bado anaidai ile chai. Isingiro nilipanda gari lililokuwa la kwanza kuondoka. Lilielekea ziwani. Kutoka hapo pikipiki, hadi alasiri nikajikuta kwenye kijiji kipya kilichoota juu ya ule mlima wa mikeka, mabati bado yanang'aa. Nikauliza panapopatikana chumba, nikaonyeshwa nyumba ya matofali ya udongo yenye milango mitatu.

Mwenyewe akatoka, mfupi, kucha za kijivu.

"Yoo! Aseniki!"

"Shikamoo, Mama Goreti. Nimestaafu."

"Umekuja kufunga nini leo?"

"Natafuta pa kulala."

"Siku ngapi?"

"Sijui."

"Ile neno tena," alisema, akatafuta ufunguo kwenye kitenge. "Siku ile ilitusaidia. Ingia."

Kulikuwa na kitanda, kiti, jiko la mkaa mlangoni. Na juu ya kitanda, kwa misumari minne, ndani ya plastiki yake, picha ile niliyompa mkunga. Rangi zilikuwa zimepauka, ila kilele kilikuwa kimesimama palepale na jina lake la uongo, na chini sahihi yangu, kubwa, yenye mkia mrefu kuliko picha.

"Kwa nini umeiweka hii? Mbona si ile ya kweli?"

"Ile ya kweli alichukua Papa Bahati. Na ilikuwa mbaya. Hii wageni wanapenda."

Alipotoka, niliokota kipande cha mkaa jikoni, nikapanda kitandani. Pale karatasi ilipoishia, kwenye kumi na mbili, niliendelea na mstari juu ya ukuta wenyewe, taratibu, nikipima kwa upana wa kidole. Nukta mbili. Nukta nne. Kwenye nukta sita nikaupandisha.

"Papa Deo!" Alikuwa amerudi na maji ya kuoga, amesimama mlangoni. "Unanichafulia ukuta."

"Namalizia, mama."

Akatua ndoo, akaja karibu, akaangalia kuanzia kushoto, polepole, hadi kwenye mstari wa mkaa.

"Andika na jina lake," alisema. "Halafu uoge."

Nikaandika.